Mtoto Kapimwa, Mama Je?

Wifi yangu alianza kuvaa sweta mwezi wa Septemba, saa nane za mchana, Buhongwa. Anayeijua Mwanza anaijua Septemba yake: jua limekalia mawe, vumbi la stendi linanata kwenye jasho, daladala za mjini zimeshushwa vioo vyote. Yeye alikuwa barazani na mtoto wa miezi saba mapajani, sweta kalifunga vifungo mpaka juu, na juu ya sweta kajizungushia kitenge.

"Wifi, una homa?" nikamuuliza.

"Sina. Malaria nimepima mara mbili, hakuna. Ni baridi tu, wifi. Na usingizi. Nalala kama gogo, naamka nimechoka kuliko nilivyolala."

Akanipa chanuo nimsaidie kuchana nywele za kisogoni. Nilipolivuta mara ya tatu lilikuja na kishungi kizima cha nywele, kimejiviringa kwenye meno kama uzi wa mshona nyavu. Tukatazamana. Hakuna aliyesema kitu.

Mwezi wa Aprili na wa Mei huyu huyu alikuwa hashikiki. Moyo ulimwenda mbio akiwa ameketi. Kikombe cha chai kiligongana na kisosi mkononi mwake. Alikula sahani mbili na bado sketi ilimvuka kiunoni. Sisi tulikuwa na majibu tayari. Jirani alisema kapigwa jicho. Kaka yangu alisema ni kukesha na mtoto. Mama yangu, ambaye ndiye mkwe wake, alisema damu ya uzazi haijarudi, akazidisha uji wa ulezi na supu ya sato. Na mimi, kwa uhakika wa mtu aliyezaa mara mbili, nilimwambia itapita. Nilikosea, na ninaamini nyumba nyingi za kanda yetu zinakosea vile vile, kwa upendo kabisa, huku mama anaumia.

Yule mwanamke wa Aprili mwenye joto na yule wa Septemba mwenye baridi walikuwa na ugonjwa mmoja. Upo shingoni, chini kidogo ya kikoromeo, kwenye tezi yenye umbo la kipepeo ambayo vitabu vya Kiswahili huiita tezi dundumio na madaktari wengi huiita thairoidi. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoamua mwili uende kwa kasi gani: moyo upige vipi, chakula kiunguzwe haraka kiasi gani, joto liwe kiasi gani, akili iwe nyepesi au nzito. Zikizidi, mtu anawaka. Zikipungua, anapoa na kupungua kasi, hata choo kinakuwa kigumu na sauti inakuwa nzito.

Ujauzito unaigusa tezi hii mara mbili, kwa njia mbili tofauti. Nianze na ya pili, kwa kuwa ndiyo inayopita bila jina.

Mwanamke akiwa mjamzito, kinga ya mwili wake hutulia ili isimfukuze mtoto, ambaye nusu yake ni mgeni. Akishajifungua, kinga inarudi kazini kwa nguvu, na kwa baadhi ya wanawake inairukia tezi ya mwenyewe. Fikiria ghala la mpunga lililobomolewa ukuta. Wiki za mwanzo nafaka inamwagika uani, kuku wanashiba mpaka wanachoka. Ndiyo miezi ile ya joto, wakati homoni iliyokuwa imehifadhiwa inavuja kwenye damu. Kisha ghala linabaki tupu na mwenye ghala bado anauguza majeraha. Ndiyo miezi ya sweta. Kwa kawaida kipindi cha joto huja kati ya mwezi wa kwanza na wa sita baada ya kujifungua, na cha baridi huja zaidi kati ya mwezi wa nne na wa nane. Si kila mmoja anapitia vyote viwili. Wapo wanaoruka joto na kuingia baridi moja kwa moja, na wapo wanaopata joto tu kisha wakapona.

Ukichukua wanawake mia waliojifungua, takriban watano hupatwa na hali hii. Kwa wale ambao damu yao ina kingamwili zinazoishambulia tezi, hatari inapanda hadi theluthi au hata nusu. Wengi hupona kabla mtoto hajafikisha mwaka au muda mfupi baadaye, lakini wengine tezi yao hairudi tena na hubaki kwenye dawa. Aliyepatwa mara moja ana uwezekano mkubwa wa kupatwa tena uzazi unaofuata.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1948 daktari wa New Zealand aitwaye Roberton aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza juu ya wanawake waliokuja kwake baada ya kujifungua wakilalamika uchovu, baridi na nywele kubadilika, na namna walivyopata nafuu alipowapa dawa ya tezi. Uchovu, baridi, nywele. Nilipoyasoma nilimwona wifi yangu barazani. Ilipita miaka karibu thelathini kabla madaktari wa Japani hawajaeleza kwa vipimo vya maabara kilichokuwa kinatokea. Siwezi kuacha kuwaza ni wanawake wangapi katikati hapo waliambiwa kwamba ndivyo uzazi ulivyo.

Kinachoufanya ugonjwa huu ujifiche ni kwamba kila dalili yake ina mwenzake ambaye si ugonjwa. Nani asiyechoka akinyonyesha? Nywele za wanawake wengi hupukutika miezi michache baada ya kuzaa hata tezi ikiwa nzima. Huzuni nayo ina sonona ya uzazi, ambayo ni ugonjwa halisi wenye tiba yake. Upungufu wa damu nao unachosha na kupandisha mapigo. Kwa macho tu hata daktari hodari hawezi kutenganisha, na shingo isiyovimba haimaanishi tezi ni salama. Kinachotenganisha ni damu kidogo kwenye kichupa, kwa kipimo kiitwacho TSH, pamoja na kile cha homoni yenyewe. TSH ni sauti ya ubongo inayoiamrisha tezi ifanye kazi. Ikipanda sana, ubongo unapiga kelele kwa sababu tezi imelala. Ikishuka sana, tezi inamwaga homoni bila kuambiwa.

Wifi yangu alipanda daladala Buhongwa, akapita Mkolani, Nyegezi na Mkuyuni, mpaka mjini, kisha akakipanda kilima cha Bugando. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni ya rufaa kwa Kanda ya Ziwa, na watu wake hawaifahamu tezi kwa kusimuliwa. Madaktari wa hapo walichapisha mwaka 2011 matokeo ya wagonjwa wa goita, yaani uvimbe wa tezi, waliowafanyia upasuaji, na wanawake waliwazidi wanaume kwa mbali sana. Majibu yalipotoka, TSH yake ilikuwa juu mno. Dokta alimwandikia kidonge kidogo cheupe cha levothairoksini, ambacho ni homoni ile ile ambayo tezi yake ilishindwa kuitengeneza. Akamwambia pia aendelee kunyonyesha bila wasiwasi wowote, maana kinachopita kwenye maziwa ni kidogo mno. Angekwenda mwezi wa Aprili, wakati wa moyo mbio, asingepewa dawa ya kuizima tezi, kwa kuwa tezi haikuwa inatengeneza homoni kupita kiasi bali ilikuwa inavuja. Angepewa ya kutuliza mapigo tu, na kuambiwa arudi.

Kuna jambo linaniuma zaidi ya yote. Katika miezi yote hiyo, wifi yangu hakuwa mbali na wahudumu wa afya. Alikuwa kliniki karibu kila mwezi. Mtoto anapelekwa chanjo wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne, anarudi miezi tisa kwa chanjo ya surua na rubela, na katikati yake anapimwa uzito. Linganisha tarehe hizo na za tezi. Wiki ya kumi na nne mama yumo katikati ya kipindi cha joto. Miezi tisa ndiyo kwanza anamaliza miezi mibaya ya baridi, au bado yumo. Mtoto ananing'inizwa kwenye mizani, kadi inajazwa, anachomwa sindano, analia, anabembelezwa. Mama aliyembeba, anayetetemeka mikono au aliyevaa sweta wakati wa jua kali, anarudi nyumbani bila swali hata moja. Zahanati aliyokuwa akienda siitaji, kwa sababu haina kosa la peke yake. Kadi yenyewe haina nafasi ya swali hilo.

Na swali halihitaji mashine. Mama, moyo unakwenda mbio? Unasikia baridi wenzako wakisikia joto? Unapungua au kunenepa bila sababu? Anayejibu ndiyo kwa mawili matatu, huyo ndiye wa kupelekwa kupimwa damu.

Sasa nirudi kwenye mguso wa kwanza, wa wakati wa mimba.

Mtoto tumboni hana homoni yake ya tezi mwanzoni. Tezi yake huanza kukamata madini joto, malighafi ya homoni hiyo, kwenye wiki ya kumi hadi ya kumi na mbili, na huchukua wiki kadhaa zaidi kabla haijajitegemea. Kabla ya hapo, ubongo wake unajengwa kwa homoni ya mama. Ndiyo maana tezi ya mama hulazimika kuongeza kazi kwa karibu nusu ya kawaida yake. Iliyo nzima huongeza bila mtu kujua. Iliyo dhaifu hushindwa, na hapo huja kuharibika kwa mimba, shinikizo la damu, mtoto njiti, na hasara kwa ubongo wa mtoto ambayo haionekani siku ya kuzaliwa. Ubaya ni kwamba wengi wetu huanza kliniki tumbo likiwa limeshaonekana, wakati wiki hizo zimekwisha.

Kwa hiyo mwanamke ambaye tayari anatumia kidonge cha tezi hapaswi kungoja. Mwongozo wa mwaka 2017 wa Chama cha Thairoidi cha Marekani unasema mara anapogundua ana mimba aongeze vidonge viwili kwa wiki, yaani tisa badala ya saba, na kumpigia daktari wake. Kisha TSH ipimwe kila baada ya wiki nne hivi mpaka nusu ya mimba, na angalau mara moja tena karibu na wiki ya thelathini. Akijifungua anarudi kwenye dozi ya zamani na kupimwa baada ya wiki sita. Kuliko yote, asiache dawa. Nimewasikia wanawake wakisema waliacha kila kidonge "ili mtoto asidhurike". Kwa dawa hii, kuiacha ndiko kunakomdhuru.

Wifi yangu alikuwa mmoja wa wale ambao tezi haikurudi. Alipopata mimba ya pili alifanya yote sawasawa, akaongeza vidonge, akapima. Na TSH ikapanda. Wakamwongezea dozi. Ikapanda tena. Kaka yangu akaanza kusema dawa ni feki.

Jibu lilikuwa juu ya meza ya chai. Asubuhi moja nilimkuta ameweka vidonge viwili kwenye kifuniko cha chupa ya maji: kile kidogo cheupe, na kingine chekundu cha kuongeza damu alichopewa kliniki. Akavimeza pamoja, akashushia chai ya maziwa.

"Navimeza vyote kwa pamoja nisisahau," aliniambia.

Kidonge cha damu ni madini ya chuma. Chuma hukishika kidonge cha tezi tumboni na kukizuia kuingia mwilini. Maziwa na vidonge vya kalisi navyo hukizuia. Wifi yangu alikuwa anameza dawa kila siku na sehemu kubwa ilikuwa inatoka kama ilivyoingia. Mjamzito anayehudhuria kliniki Tanzania hupewa vidonge vya damu, na ni lazima avitumie, kwa sababu upungufu wa damu unaua. Basi viwili hivyo vitenganishwe kwa saa nne au zaidi. Cha tezi alfajiri kwa maji matupu, chai baada ya nusu saa au saa nzima. Cha damu usiku baada ya kula. Aliyempa cha tezi hakujua anapewa cha damu, na aliyempa cha damu hakuuliza juu ya cha tezi. Wote wawili walikuwa sahihi kwa upande wao, na mimba ilikuwa katikati.

Ipo pia tezi inayofanya kazi kupita kiasi wakati wa mimba. Hapa kunahitajika uangalifu, kwa kuwa homoni ya mimba yenyewe huisukuma tezi miezi ya mwanzo, hasa kwa mama anayetapika kupita kiasi, na hali hiyo mara nyingi hutulia yenyewe mimba inapovuka miezi minne. Anayehitaji dawa kweli ni yule mwenye ugonjwa wa tezi tangu awali. Kabimazole, inayotumika sana kwa ugonjwa huo, inaweza kumharibu mtoto viungo ikitumika wiki za mwanzo, hivyo daktari hupendelea dawa nyingine, PTU, mpaka kama wiki ya kumi na sita. Mwanamke anayetumia kabimazole na anapanga kuzaa aseme kabla, mimba isimkute ghafla. Tiba ya mionzi ya tezi haifanywi kabisa kwa mjamzito wala anayenyonyesha.

Yote hayo ni ya tezi iliyougua. Tezi nzima nayo inahitaji malighafi, na malighafi yake ni madini joto. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Shirika la Afya Duniani linataka mjamzito na anayenyonyesha wapate 250.

Hapa watu wa ziwani tuna kosa letu la kudhani samaki wametukinga. Samaki wenye madini joto kwa wingi ni wa baharini. Sangara, sato na dagaa wetu ni lishe nzuri mno kwa mambo mengine, ila Ziwa Victoria ni maji baridi. Hata bahari si kinga ya uhakika: utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta watoto wa Zanzibar wana upungufu wa madini joto, Pemba kuliko Unguja, na visiwa vyote viwili vimezungukwa na bahari. Ongeza udaga wetu wa muhogo. Muhogo mchungu usiolowekwa na kuvundikwa vya kutosha huacha sumu ambayo mwili huigeuza kitu kinachozuia madini joto kuingia kwenye tezi. Watafiti wa Kibelgiji walilifuatilia jambo hili tangu miaka ya 1960 katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, ambako goita ilikuwa imeenea. Bibi zetu wanaoloweka muhogo siku nyingi kabla ya kuuanika wanajua wanachofanya. Anayeharakisha ndiye wa kuonywa.

Tanzania ililipigania hili. Miaka ya 1980 karibu robo ya watu waliopimwa nchini walikuwa na goita. Kuanzia mwaka 1986 wilaya zilizoathirika zaidi ziligawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na katikati ya miaka ya 1990 ikawekwa kanuni kwamba chumvi ya kula itiwe madini joto. Mwaka 2004, uchunguzi wa kitaifa wa watoto wa shule zaidi ya 140,000 ulikuta goita imeshuka hadi asilimia 7 hivi, na kaya 84 katika kila 100 zilikuwa na chumvi yenye madini hayo. Wachumi watatu walichapisha mwaka 2009 hesabu kuwa watoto waliokuwa tumboni mama zao walipopata vile vidonge walisoma zaidi ya wenzao kwa karibu theluthi hadi nusu ya mwaka wa shule, wasichana zaidi. Wengine waliorudia hesabu hiyo baadaye waliona matokeo hayana nguvu hivyo. Wabishane juu ya madarasa. Kwamba ubongo wa mtoto tumboni unahitaji madini joto, hilo halina ubishi.

Sokoni Buhongwa chumvi ya pakiti inauzwa karibu na chumvi ya mawe inayopimwa kwa kopo, imeachwa wazi juani. Ile ya mawe ni nzuri kwa kukaushia samaki wa kayabo. Kwa chungu cha mjamzito, nunua ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto, ifungwe vizuri mbali na moto na unyevu, na itiwe chakula kikikaribia kuiva. Si kuongeza chumvi, hasa kwa mwenye presha. Ni kubadilisha chumvi.

Wifi yangu alijifungua salama mtoto wa kike. Saa kumi na moja alfajiri, makonda wanapoanza kuita abiria stendi, alimeza cha tezi kwa maji. Cha damu alikiweka kabatini pamoja na sahani za usiku, asiweze kukiona asubuhi. Wiki ya sita alipimwa. Mtoto alipofikisha miezi tisa tulikwenda wote kliniki kwa chanjo ya surua. Mtoto akapimwa, akachomwa, akalia. Nesi alikuwa ameshanyoosha mkono kumwita anayefuata.

"Nesi, samahani," wifi akasema, "na mimi nina kipimo changu cha tezi. Nilipozaa mara ya kwanza niliumwa wakati kama huu."

Nesi alimtazama, akaichukua tena kadi, akaigeuza mbele na nyuma akitafuta pa kuandika. Hakukuwa na mahali. Akaandika pembeni, kwa herufi ndogo zilizopanda juu kufuata ukingo wa karatasi: *Mama – TSH.*